Siku Baba Aliposomwa Hewani

Watoto wangu wananionea huruma. Wananieleza kwamba huko kwenye simu zao, kwenye makundi ya mashabiki wa msanii huyu na timu ile, kuna watu wa kila namna: yuko kiongozi wa kundi anayefukuza wenzake, yuko anayeandika mchana kutwa, yuko anayesahihisha kila mtu, yuko anayeleta habari kabla haijatokea, na wako wengi waliojikunyata kimya wanachungulia tu. Wananieleza taratibu, kama mgeni anavyoelekezwa choo. Mimi naitikia, nasema ala, kumbe. Sina haja ya kuwakatisha. Lakini watu hao wote niliwajua Kibiti, kabla simu hazijafika, na mmoja wao alimuua baba yangu akiwa amekaa ndani ya basi, kadi ikiwa juu ya goti.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu kimekuwa ruksa. Wanunuzi binafsi wa korosho walishuka na mizani zao na maneno yao matamu, mitumba ikatandazwa mpaka kwenye uwanja wa mpira, na redio, ambayo tulizoea iwe moja na iseme inachotaka yenyewe, zikawa nyingi zinazobembeleza kupendwa. Baba alikuwa karani wa chama cha ushirika. Kazi yake ilikuwa kupima korosho za watu, kuandika na kugonga muhuri. Wale wanunuzi binafsi hawakuwa na haja na muhuri wa mtu. Chama kikafa polepole, na baba akabaki karani wa ghala la popo, lakini kila asubuhi aliendelea kuvaa shati la mikono mirefu na kuchomeka kalamu mfukoni, asije akaitwa kazini ghafla.

Mama yake mzazi, bibi yetu, aliishi Delta, kwenye kisiwa kimojawapo kule mto unakochanika vipande vipande katikati ya mikoko ukaingia baharini. Alilima mpunga wake na hakutaka kusikia habari ya kuhamia bara. Kutoka kwetu hadi kwake ulihitaji lori mpaka Nyamisati, kisha chombo, kisha Mwenyezi Mungu. Simu hakuna, na barua zilifika zimelowa hata muhuri hausomeki. Kwa hiyo baba, mshahara wa ushirika ulipokuwa ungali ukitoka, alimnunulia redio. Na ajabu ni kwamba redio mpya ya Dar es Salaam, ambayo sisi Kibiti tuliinasa kwa kutundika waya juu ya mkorosho, kule Delta ilisikika safi kabisa, maana juu ya maji hakuna cha kuizuia.

Bibi hakujali nyimbo wala matangazo ya sabuni. Alifungua redio alasiri tu, wakati wa kipindi cha salamu, akisubiri jina moja. Kila aliyetoka huko alituletea ujumbe uleule: "Bibi anasema bado hajakusikia."

Hilo ndilo lililokuwa linamla baba. Hakutamani cheo wala gari. Alitaka siku moja tu asomwe hewani, jina lake na la baba yake, mama yake asikie na ajue mwanawe yupo na anamkumbuka.

Kwa wasioijua kazi hiyo, nieleze. Ulinunua kadi ya salamu dukani, ukajaza jina lako na unakotoka, ukataja unaowasalimia, ukamalizia na ujumbe mfupi wa kuwafikirisha wenzako. Kisha ukampa kondakta wa basi la Dar es Salaam, naye, kama hakuisahau chini ya kiti, akaitumbukiza kwenye sanduku mlangoni mwa redio. Huko mtangazaji alichota kadi kwenye kapu na kuzisoma mbio mbio, kama anafukuzwa. Kusomwa kulikuwa bahati, na bahati ilipenda kadi fupi.

Tatizo la baba lilikuwa baba. Hakuweza kuandika kitu kifupi. Kadi ilimtosha kwa anwani peke yake, halafu akabana kwa pini karatasi nyingine ya mistari, na hapo ndipo alipoanza rasmi. "Yah: Salamu za heri kwa ndugu, jamaa na marafiki. Husika na kichwa cha habari hapo juu." Alimsalimia mama yake, kisha ukoo mzima wa Delta kwa kufuata umri, kisha upande wa mama yake kule milima ya Matumbi, kisha viongozi wa kata, kisha akaomba radhi kwa atakaokuwa amewasahau. Ujumbe wake ulikuwa na vipengele. Mwisho aliweka sahihi na cheo, "Karani", ijapokuwa cheo chenyewe kilibaki kwa popo. Nilimwambia, "Baba, yule mtangazaji ana pumzi moja tu." Akanijibu kwamba mawasiliano yasiyo na utaratibu ni makelele.

Sasa wapenzi wa salamu wa Kibiti na vitongoji vyake walikuwa na umoja wao, maana miaka ile watu wawili hawakuweza kupenda kitu kimoja bila kuchagua mwenyekiti. Mwenyekiti wetu alikuwa fundi baiskeli. Alifungua kila mkutano kwa kusema umoja hauna mkubwa wala mdogo, kisha akasema peke yake mpaka adhana ya alasiri. Aliwafukuza watu uanachama kwa makosa aliyoyafahamu yeye, na waliofukuzwa walirudi kikao kinachofuata wakakaa palepale, kwa sababu mkutano ulifanyika barazani kwake na baraza lilikuwa na kivuli kizuri.

Kulikuwa na mama mmoja muuza vitumbua, ambaye kila akituma kadi anasomwa. Hakuhudhuria vikao, hakujua nani ni katibu, aliandika maneno matatu huku mafuta yanachemka, na alasiri tunamsikia. Wenzake walimchukia kwa upendo. Wengine walisema ana ndugu redioni, wengine wakasema kuna mganga. Kulikuwa na mwalimu mstaafu ambaye hakutuma salamu hata siku moja. Yeye alituma masahihisho. Mtangazaji akisema Kibiti iko kusini mwa mto, mwalimu huyo anapandisha barua Dar es Salaam kumrudisha kaskazini. Na kulikuwa na wapenzi wa ng'ambo ya mto, waliokuwa na hasira za kudumu. Daraja lilikuwa bado. Pale Ndundu watu walivuka kwa pantoni, na pantoni ikiharibika kadi zao zililala huko na mabasi. Wao hawakulaumu pantoni. Waliamini sisi wa Kibiti tunazificha, wakatutumia salamu za mafumbo ambazo zilifika pantoni ilipotengenezwa, wakati ugomvi wenyewe tumeshausahau.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nashona nguo barazani kwa shangazi, na nilikuwa wa kundi lile kubwa la kuchungulia. Sikutuma kadi. Nilikaa pembeni ya vikao na kitambaa changu mapajani, nikisikiliza na kuwacheka moyoni. Ni kazi nzuri, haina lawama.

Lakini mwenye kipaji hasa alikuwa yule wa Bungu. Huyu aliuza machungwa kandokando ya barabara, na kwa kuwa kila basi la kusini lilisimama Bungu watu wanunue chochote na kujisaidia, habari zote za dunia zilipita mkononi mwake zikiwa bado za moto. Alijipa kazi ya kuwa wa kwanza. Nani kaoa, nani kajifungua, nani kaanguka mnazi: kadi yake ilifika redioni kabla ukoo wa mhusika haujaarifiwa. Kuwa wa kwanza kulimnenepesha. Kuwa wa pili kulimpa homa.

Masika yale baba akaugua. Ugonjwa wenyewe ulikuwa busha, ambalo kwa wanaume wa pwani ni kitu cha kawaida mno, na kwa sababu hiyo hakuna anayekubali kuwa nalo. Baba alilibeba kwa miaka chini ya suruali pana mpaka likamshinda. Tukampeleka hospitali ya misheni Mchukwi akapasuliwe, lakini kwa sharti moja: asijue mtu. Mwenye kuulizwa aseme mzee kasafiri. Mwenyekiti wa umoja alikuja nyumbani kumuulizia, maana haonekani kikaoni, mama akasema kasafiri. Kasafiri wapi? Mama akasema yeye si kondakta.

Siku ya kupasuliwa mama akaona hawezi kukaa hivi hivi. Akaomba mikeka kwa majirani, akaita wanaume wachache wa msikitini waje kumsomea baba Yasini, Mungu amtoe salama, na akapika pilau kwa sufuria kubwa la kuazima. Kwa kuwa ugonjwa ulikuwa siri, hakuwaeleza wasomaji wanamwombea kwa jambo gani. Wao nao walikuwa watu wazima. Wakainamisha vichwa wakasoma kwa huzuni, isije ikawa ni msiba. Nyumba yetu iko kando ya barabara kuu. Mtu akipita angeona wanaume wamevaa kanzu juu ya mikeka, wanawake nyuma wana sufuria, na karani hayupo mahali popote.

Na aliyepita ni yule wa Bungu. Alikuwa anatoka Ikwiriri kununua samaki, yumo kwenye basi la Dar es Salaam, dirishani. Alikuwa tayari ameshanong'onezwa kwamba karani alionekana akipakiwa kwenye gari la kuelekea Mchukwi anakunja uso. Akaona mikeka. Mtu mwingine yeyote angeshuka. Angeshuka akatoa pole, akaketi, akauliza taratibu marehemu kafariki saa ngapi, na angeambiwa marehemu gani, karibu pilau. Lakini kushuka kungemaanisha basi liondoke na habari iende na mwingine. Akatoa kadi mfukoni, maana alitembea nazo, akaandika juu ya goti huku basi linaruka mashimo. Alipofika Bungu alishuka na samaki wake, kadi akampa kondakta.

Kesho yake alasiri nilikuwa Mchukwi nimempelekea baba uji. Alikuwa ametoka salama, amelala chali amefunikwa shuka mpaka kidevuni kwa aibu, ingawa wodi nzima walikuwa wamekuja kwa jambo lilelile au la jirani yake. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na redio ndogo. Kipindi cha salamu kikaanza kama kawaida, mbio mbio, halafu mtangazaji akapunguza sauti na kinanda cha huzuni kikapigwa chini yake. Akasema wapenzi wasikilizaji, tumepokea kwa masikitiko kutoka kwa mpenzi mwenzetu wa Bungu. Kisha akalitaja jina la baba. Akalitaja na la babu. Akasema wa Kibiti. Akasema hatunaye tena.

Nilimtazama baba. Baba alitazama dari.

"Nani amewaidhinisha?" akasema hatimaye, kwa sauti ya ofisini.

Nikaanza kucheka, kwa kweli nilicheka, na mgonjwa wa redio naye akacheka alipoelewa, akampa baba mkono, karibu tena duniani, mzee. Baba hakucheka. Uso ulikuwa umembadilika. Alinishika mkono akaubana.

"Mama," akasema. "Mama saa hizi kafungua redio."

Kicheko kilinikauka. Bibi alikuwa mtu mzima sana, na baba ndiye mtoto pekee aliyebaki kwake. Wengine aliwazika mwenyewe.

Kwa siku zilizofuata hatukuwa na njia ya kumfikia. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Nyamisati, malori ya wanunuzi wa kamba wa baharini yamekwama na barafu yao ikiyeyuka. Baba akaamua kwamba kilichoharibiwa na redio kitatengenezwa na redio. Aliomba karatasi palepale kitandani. Nilimsihi, nikamwambia baba, safari hii andika maneno mawili: mimi mzima. Akaniangalia kama ninayemwomba atembee uchi sokoni. Akaandika: "Yah: Kukanusha taarifa ya kifo changu. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kukufahamisha kuwa mimi mwandishi wa barua hii ni hai." Akaendelea kueleza chimbuko la taarifa hiyo, madhara yake kwa familia, na mapendekezo ya namna redio itakavyohakiki vifo siku za usoni. Zilikuwa karatasi za kutosha kufungia karanga. Haikusomwa hata sentensi moja.

Mama akanituma kwa umoja, kwamba basi wao waandike. Nilikuta kikao kimejaa kuliko wakati wowote. Siri ya busha nikaimwaga, maana hapakuwa na namna, na nikasema baba yu hai, ametoka kunywa uji wangu. Nilitegemea furaha. Mwenyekiti alijikuna kidevu, akasema jambo hili ni zito, umoja una utaratibu wa msiba lakini hauna utaratibu wa mtu kutokufa. Mwalimu mstaafu akataka ushahidi, akauliza kama kuna aliyemwona marehemu kwa macho mbali na binti yake. Mmoja alikuwa ameshatunga utenzi na hakutaka upotee. Yule wa Bungu aliitwa, akaja, akasimama imara: yeye ameandika alichokiona, na kama mikeka ilikuwa ya kitu kingine basi kosa ni la waliotandika mikeka. Halafu akaninong'oneza kando, kwa heshima zote, kwamba nikipata habari yoyote mpya ya hali ya mzee nimwambie yeye kwanza.

Ni mama wa vitumbua tu, ambaye siku hiyo alipita kuuza, aliyesema, "Jamani, si mwandike tu mzee mzima?" Wakamwambia hajui mambo ya umoja. Akaenda zake na beseni lake. Nikasikia baadaye kwamba aliandika mwenyewe kadi na kuituma, na ndiyo kadi yake pekee ninayoijua ambayo haikusomwa. Kondakta aliisahau chini ya kiti.

Na redioni baba alinoga. Jamani, alinoga! Alasiri baada ya alasiri zilimiminika salamu za rambirambi. Wapenzi wa ng'ambo ya mto, waliomwita mnyang'anyi wa kadi, walisema wamepoteza nguzo. Mwenyekiti alisema marehemu alikuwa mwanafunzi wake. Dada mmoja wa Tanga, ambaye hakuwahi kumwona wala kumsikia, alisema hawezi kula, kwani marehemu ndiye aliyekuwa akimpa moyo. Mwalimu mstaafu alituma sahihisho kwamba marehemu hakuwa wa Kibiti mjini bali nje kidogo. Kila mmoja alimlilia kadiri alivyotaka yeye mwenyewe aonekane. Mtu aliyeishi kando ya barabara ileile miaka yote bila kupata hata salamu moja ya hewani, sasa alikuwa kipenzi cha nchi, alichotakiwa kufanya ni kufa.

Baba aliwasikiliza wote kitandani, anatikisa kichwa, anasema wanafiki wakubwa, na wakianza kuchelewa kumtaja anamwambia mwenye redio aongeze sauti. Sikumlaumu. Mtu hapati nafasi ya kuhudhuria matanga yake kila mwaka.

Kisha siku moja mtangazaji akasema kwamba katika kupekua makapu yao wamekuta kadi nyingi za marehemu ambazo kwa bahati mbaya hazikuwahi kusomwa, na ili kumuenzi watasoma moja, yote. Akasoma yote. Akasoma Yah. Akasoma husika na kichwa cha habari. Akasoma mama mzazi wa marehemu kwanza, akamtaja jina lake kamili, kisha ukoo wote wa Delta kwa kufuata umri, upande wa Matumbi, kata, radhi, ujumbe na vipengele vyake, sahihi na cheo. Alimaliza kwa kwikwi. Wodi nzima walipiga makofi.

Baba alikuwa amekaa, macho yanang'aa, na mama alikuwa ameketi miguuni pake anamenya chungwa.

"Umesikia, mama watoto?" akamwambia. "Wamemtaja mama. Kwa jina! Angalau leo amesikia nilivyokuwa namsalimia."

Mama hakuinua uso kutoka kwenye chungwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache yenyewe hakuyapaka sukari.

"Nyumba ya msiba inafungua redio?" akauliza.

Hilo hakuna asiyelijua. Mtu akifiwa, redio inazimwa siku ileile, inafunikwa kanga na kuwekwa uvunguni, na haiguswi mpaka matanga yaishe, na kwa mama aliyefiwa na mwanawe hata baada ya hapo. Umoja mzima wenye mwenyekiti na katibu, mwalimu na masahihisho yake, baba na karatasi zake, mimi na ujanja wangu wote wa kuwacheka, tulikuwa tunapiga kelele siku zote hizo ndani ya redio iliyozimwa. Neno la mwisho lililomfikia bibi lilikuwa lile la kwanza.

Baba akafunua shuka. Akaweka miguu chini, akatafuta ndala.

Muuguzi alimkatalia, tena kwa ukali, na alikuwa na haki, kwani nyuzi hazijatoka. Mama hakumkatalia. Alimfunga vizuri kwa kitenge, akamvisha kanzu ili kidonda kipate hewa, akaniambia nenda na baba yako. Mvua ilikuwa imepumzika na lori la kwanza la barafu linajaribu barabara. Tulikaa juu ya masanduku ya barafu mpaka Nyamisati, na kila shimo baba alitoa sauti ambayo sitaielezea. Kutoka hapo tulipata chombo cha wanunuzi wa kamba. Tukakaa katikati ya makapu, tukasubiri maji yajae, tukapita kwenye vijito vya mikoko. Baba hakuandika kitu. Mara moja tu aliniuliza, "Unadhani yupo?" Nilijua anauliza nini. Nikasema yupo, bila kujua.

Tuliposhuka alitembea kwenye tope amepanua miguu, hatua ndogo ndogo, kama anayeendesha baiskeli isiyokuwapo. Uani kwa bibi wanawake walikuwa wanamenya mihogo. Wa kwanza aliyemwona alidondosha kisu. Wa pili alipiga yowe, na baada ya hapo uwanja mzima ulikuwa wa visigino. Walikimbia na kanga zikibaki nyuma, na mzee mmoja aliyekuwa amelala barazani aliamka akaanza kusoma kwa sauti kila alichokumbuka. Mimi nilikuwa nyuma napiga kelele kwamba ni mzima, ni mzima jamani, redio ilikosea. Hakuna aliyenisikiliza. Redio si ingesema?

Bibi hakukimbia. Alikuwa ndani juu ya mkeka, amekonda hata nikamwonea hofu, amejifunika kaniki.

"Shikamoo, mama," baba akasema mlangoni.

Bibi akanyoosha mkono, baba akapiga magoti kwa shida zake, na bibi akaanza kumpapasa: mabega, masikio, ndevu, kovu la utotoni juu ya nyusi. Alipofika kwenye kovu akampiga kofi la shavu, si dogo.

"Marahaba," akasema.

Baba akaanza kueleza. Alianza mwanzo kabisa, na maelezo yake yalikuwa na vipengele. Bibi akamnyamazisha kwa kumshika mdomo.

"Ngoja nikwambie mimi," akasema. "Siku ile tulikuwa tunapepeta mpunga na wenzangu hapo uani. Nikasikia wanakutaja. Jina lako hilo, na la babako, na Kibiti. Mwanangu wee, nilitupa ungo! Nilipiga vigelegele mpaka watu wa ng'ambo ya kijito wakaja. Nikawaambia wamemsoma, leo wamemsoma mwanangu. Nikajifunga kanga, nikacheza. Hayo mengine aliyoyasema yule bwana sikuyasikia, kwa vigelegele vyangu. Wao waliyasikia. Walisimama wote wananitazama, nikawashangaa mbona hawaniitikii. Waliniacha nicheze, mwanangu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kuniambia."

Baba alilaza kichwa mapajani pake akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Mimi, ambaye siku zote zile sikukosa la kumcheka mtu, nilitoka nje kuwaita wale wanawake warudi.